Ng'ombe Aliyeungua Upande Mweupe

Ndugu zangu wa shirika la kanisa letu, nanyi wazee mlioketi mbele, mmenipa nafasi ya kusema, nami naomba nianze kwa kuwaonyesha mikono. Hii hapa. Tazameni viganja, tazameni na migongo yake. Hakuna kitu. Lakini kule Kamina kulikuwa na majuma ambayo hakuna mtu aliyetaka kuishika mikono hii, hata kanisani, hata dakika ile ya kupeana amani, ambapo mtu humpa mkono hata jirani aliyemwibia kuku.

Wengi mnanijua. Nimezaliwa hapa hapa Mulongo, nikakulia kwenye nyavu na matope kama ninyi. Niliondoka nikiwa kijana mwenye cheti cha sekondari na miguu isiyotulia. Siku ile mtumbwi wa mjomba ulikuwa umejaa samaki wakavu wa kupeleka Bukama, na mdogo wangu alinisindikiza mpaka majini akiwa amejifunika jani la mgomba kichwani. Mdogo wangu mnamjua pia. Ameketi pale karibu na mlango, kofia yake ameiweka magotini kwa heshima ya nyumba ya Mungu. Yeye ni albino, na ameniruhusu nimtaje katika habari hii bila kumwita jina. Nilimtazama mpaka lile jani likawa kitu kidogo cha kijani kwenye ukingo, kisha mto ukakata kona.

Kutoka Bukama nilikwenda Luena, kutoka Luena nikaenda Likasi. Nimebeba magunia, nimefundisha watoto kusoma kwenye nyumba za watu, nimeuza mikate, nimelinda duka ambalo halikuwa na kitu cha kulindwa. Kila mahali nilipofika nilitulia miezi michache, halafu naanza kusikia harufu ya mto huu puani, nakosa usingizi, nafunga mzigo. Cha ajabu, kila nilipofunga mzigo sikurudi huku. Nilikwenda mbele zaidi. Sijui kuieleza hali hiyo. Aliyewahi kuwa nayo ananielewa.

Mwisho nikapanda treni nikitaka kufika Kananga. Ndugu zangu, ninyi wa mto mnalalamika mtumbwi ukichelewa, lakini ile treni ilikaa katikati ya majani mpaka akina mama wakatafuta mafiga, wakasonga bukari ya unga wa mahindi kando ya reli, wakaanza kugombana kama majirani wa siku nyingi. Tulipofika Kamina wakatuambia injini imekufa, kila mtu ajitafutie njia. Nikakaa juu ya kisanduku changu pale stesheni. Mbele yangu palikuwa na mama mmoja, mtu mzima, mjane, akiuza unga wa muhogo. Alinitazama asubuhi yote. Jua lilipopanda akaniuliza:

"Weye baba, uko nangoya nani?"

"Simngoji mtu, mama. Treni imeishia hapa."

"Unajua ngombe?"

"Mama, minyi mutu wa Mulongo. Najua samaki."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Samaki haivutake jembe!" Kisha akanitazama tena, akasema, "Lakini mikono uko nayo. Kuya."

Nikabeba kisanduku, nikamfuata. Hivyo ndivyo nilivyofika.

Marehemu mume wake alimwachia ng'ombe wawili wa kulimia, madume waliohasiwa, ambao mwenyewe aliwafundisha nira tangu wakiwa ndama. Mmoja alikuwa mweusi tii. Huyo aliitwa Kazi-Moja, kama tunavyoiita siku ya kwanza ya juma, kwa sababu hakujua kuchoka. Wa pili alikuwa na mabaka, meusi na meupe, na pua ya rangi ya waridi. Huyo aliitwa Posho, kama siku ya sita, siku ya kugawiwa chakula. Mnaelewa kwa nini. Alikuwa mlafi. Ukipita karibu naye umebeba ufagio, atakula ufagio.

Wale wawili walilima shamba la mama, halafu wakalima ya majirani, na majirani wakamlipa mama kwa mahindi. Hapo ndipo chakula cha nyumba nzima kilipotoka, pamoja na karo ya wajukuu. Na ng'ombe wa kulima, ndugu zangu, hawahesabiwi mmoja mmoja. Ukimwondoa mmoja hutabaki na nusu. Hutabaki na kitu chochote. Yule aliyebaki amezoea upande wake wa nira na mwenzake wa ubavuni, na kumfundisha mwingine ni kazi ya miaka, kwa mtu anayejua. Aliyejua alikuwa kaburini.

Nilijifunza polepole. Kazi-Moja alinikanyaga, Posho akanilia shati. Lakini mvua za mwaka ule tulilima, na mimi mtu wa samaki nilitembea nyuma ya jembe nikiona udongo mwekundu unafunguka, nikasema labda miguu yangu imepata pa kukaa.

Zizini walilala pia kondoo wa shemeji yake mama, mdogo wa marehemu. Mtu mwenye sauti kubwa, si mtu mbaya. Naomba mniamini hapo tangu mwanzo, maana mtamchukia kidogo katikati. Alikuwa na dawa moja ya ngozi: mafuta meusi yanayomwagwa kutoka kwenye injini, yale ya vidange, aliyoyaomba kwa mafundi wa magari. Kondoo akijikuna, mafuta. Mbuzi akinyonyoka manyoya, mafuta. Mbwa wa jirani alipita vibaya, akapakwa mafuta. Na kweli kondoo wake waliwahi kupona upele kwa mafuta hayo, kwa hiyo hakuna aliyebishana naye.

Kiangazi kilipokolea, moto ukachoma mbuga yote, wanyama wakabaki kutafuna vijiti. Wana-kondoo wakaanza kutoka magamba midomoni, magumu kama ukoko wa sufuria. Hawakuweza kunyonya vizuri. Mimi ndiye niliyewashika vichwa, nikawaosha midomo kwa maji ya chumvi, nikawafungua taya kwa vidole. Muda haukupita mwingi, nami nikatoka vidonda vya mviringo kwenye vidole na mgongoni mwa mkono, vimevimba, katikati vina maji. Sikuvijali sana. Mtu wa kazi hakosi kidonda.

Halafu ikafika siku ya wazazi, mwanzoni mwa mwezi wa nane. Mnajua tunavyofanya nchi nzima: asubuhi ni ya wazazi waliokufa, mchana ni ya walio hai. Tulikwenda makaburini na panga na majembe. Kaburi la marehemu lilikuwa limemezwa na kichaka, kile chenye majani yanayokwaruza kama msasa, maua madogo ya njano na nyekundu kwenye kichwa kimoja, na vitunda vyeusi ambavyo watoto huvitafuna. Katika nchi yote iliyoungua, kile tu kilikuwa kijani. Tulikikata chote. Mama akafunga mizigo miwili mikubwa, akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Akaiweka mbele ya ng'ombe wawili.

"Baba yenu njo anabatumia hii majani," akawaambia. "Leo iko siku yake. Mukule."

Ng'ombe akiwa porini hukiruka kichaka kile. Lakini wale walikuwa wamefungwa, wana njaa, na mkono uliowalisha waliuamini. Kazi-Moja alikula kidogo. Posho, mlafi, alimaliza wake akavuta na wa mwenzake. Mama alisimama pale akiwatazama, na uso wake ulikuwa na amani ambayo sikuwahi kuiona kwake. Nami niliona ni jambo zuri. Hata leo naliona hivyo.

Siku chache baadaye Posho aliacha kula. Posho, ndugu zangu! Tuliweka unga mbele yake, akageuza kichwa. Alisimama kichwa chini, macho yanachuruzika, ile pua ya waridi ikavimba ikapasuka. Kisha ngozi ya mgongo na ubavu ikawa ngumu kama ngozi ya ngoma, ikaanza kuchanika na kuinuka pembeni, na nzi wakaja. Shemeji akaleta kopo la mafuta meusi, akampaka. Kesho yake hali ilikuwa mbaya zaidi.

Hapo hukumu ikatoka. Shemeji alisimama mlangoni pa zizi, majirani wakiwa wamejaa, akanielekezea kidole.

"Muangalie mikono yake! Kondoo ilitoka bilonda, nani alishika? Ni yeye. Sasa yeye iko na bilonda. Ngombe nani anashika kila siku? Ni yeye! Ile bugonjwa inatembea ku mikono ya huyu mugeni."

Mama akasema, "Shemeji, huyu mutu anatutumikia."

"Anatumika, njo anatumaliza. Na tena, mama, tusijidanganye. Ilianza siku gani? Nyuma ya siku ya wazazi. Kaka yangu iko naita ngombe yake. Aliiachia weye, sasa anaitaka. Siku ya posho tuchinje, familia ikule, kaka atulie. Tukingoya, ataita na ile nyeusi."

Neno hilo la mwisho lilimshinda mama. Angewezaje kumkatalia marehemu ng'ombe wake?

Basi mimi nikawa mtu wa kuepukwa. Kisimani wanawake walinitania, nusu ni mzaha, nusu si mzaha: "Musafiri, mu ile kisanduku ulitubebea nini, bilonda?" Nyumbani walikitenga kikombe changu. Bukari yangu ililetwa kwenye sahani ya peke yake, ikawekwa chini, aliyeleta akarudi nyuma. Na jumapili, padri aliposema tupeane amani, jirani yangu wa kulia alinipungia kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Wa kushoto akainama kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Mnacheka. Mimi pia nacheka leo. Siku ile nilitoka kabla ya wimbo wa mwisho. Mtu anayetembea kama mimi huwa na kitu kimoja tu cha kuwapa watu anapofika, nacho ni mkono. Hana jina la ukoo pale, hana shamba, hana wa kumsemea. Mkono ukikataliwa, hana kingine. Na lililoniumiza zaidi, nilianza kuwaamini. Nilivitazama vidole vyangu nikajiuliza kama kweli mimi ndiye ninayebeba magonjwa toka mji hadi mji, na kama ndiyo sababu sikukaa popote. Nilifunga kisanduku.

Kabla ya kwenda stesheni nikasema nimwoshe Posho mara ya mwisho, nimtoe yale mafuta, afe akiwa msafi. Ilikuwa mchana, jua limesimama juu kabisa. Kila nilipomvuta kwenye uwazi ili nione vizuri, alinivuta kurudi ukutani, akabandika ubavu wake kwenye kile kivuli chembamba. Nikadhani ni ukaidi wa ugonjwa. Nikaosha. Mafuta yalipotoka, rangi zake zikarudi, nyeusi na nyeupe, na mkono wangu ukasimama.

Kidonda kilifuata weupe. Kilishuka begani pamoja na baka jeupe, kikapinda pale lilipopinda, na pale weusi ulipoanza, kikakoma. Nilipitisha kidole kwenye mpaka. Huku ngozi imeiva na kuchanika. Upana wa unywele mmoja mbele, ngozi laini, manyoya yanang'aa. Nikazunguka upande wa pili. Hivyo hivyo. Nikatazama pua ya waridi, imepasuka. Nikaenda kwa Kazi-Moja, aliyelala naye bega kwa bega na kuvaa nira moja naye. Hana hata mkwaruzo.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo sikuwa Kamina tena. Nilikuwa hapa, kwenye mchanga wetu, siku ile mimi na mdogo wangu tulipotoroka nyumbani kwenda kutega nyavu, naye alikuwa amevaa shati la mikono mifupi. Tulirudi jioni. Kuanzia pale mkono wa shati ulipokomea, kushuka chini, ngozi yake ilikuwa imeiva kama iliyomwagiwa uji wa moto, na juu ya mstari ule ilikuwa salama. Mama yetu hakuuliza kama kuna mtu aliyemroga. Aliutazama ule mstari tu, akasema, "Ni jua."

Nikamwita mama mwenye nyumba. Nikamwonyesha ule mpaka kwa kidole, mahali pamoja, mahali pa pili, mahali pa tatu. Shemeji naye akaja.

"Mama," nikasema, "kama ugonjwa unatoka mikononi mwangu, mikono yangu inajuaje rangi? Nimemshika Posho mwili mzima. Na Kazi-Moja je? Nimemshika zaidi."

Shemeji akainama, akatazama muda mrefu. "Na marehemu?" akasema. "Marehemu anaweza kuchagua rangi."

"Jua nalo linachagua," nikasema. "Nina mdogo wangu wa tumbo moja ambaye jua linamchagua kila siku."

"Jua iko ya leo?" akanirudishia. "Hii ngombe iko nyeupe tangu kuzaliwa. Jua ilikuwa wapi?"

Na hapo alinishinda, kwa sababu swali lake lilikuwa la kweli. Posho alilima miaka chini ya jua lile lile na hakuungua. Nilijua nusu ya jibu, ile nusu nyingine sikuijua. Mama ndiye aliyetukata maneno. Alisema kwa sauti ndogo, "Baita munganga wa nyama. Akisema tuchinje, tutachinja siku ya posho. Lakini aseme yeye, aone na macho yake."

Munganga wa wanyama, yaani daktari wa mifugo, alifika siku ya tano ya juma, kwa pikipiki, suruali ameichomeka ndani ya soksi. Hakuanza na vidonda. Alitazama kwanza jinsi ng'ombe alivyosimama. Kisha akamfunua kope la jicho, akatuita tuone: ndani palikuwa na rangi ya njano, kama mawese yaliyochanganywa na maji. Akamfunua na Kazi-Moja. Njano pia, kidogo. Shemeji akashtuka. Yule mweusi naye alikuwa mgonjwa, na hakuna aliyejua.

"Inajikuna?" akauliza.

"Hapana," nikasema.

"Ilikula nini?"

"Majani," mama akajibu.

"Mama, majani iko mingi. Majani gani?"

Munganga akazunguka zizi akitazama chini, akaokota kijiti kikavu chenye miba midogo, akakisugua kwenye kidole, akakinusa. "Hii ilitoka wapi?"

Mama aliketi juu ya kinu. Nilimwona anaelewa kabla hajaambiwa. "Ku kaburi ya baba ya batoto," akasema.

Munganga akachuchumaa mbele yake, akaeleza polepole, naye hakupandisha sauti hata mara moja. Kichaka kile kina sumu inayoumiza maini. Maini yakiumia hayawezi kusafisha kitu fulani kinachotoka kwenye majani anayokula mnyama, nacho hubaki kwenye damu, kikazunguka mpaka chini ya ngozi. Jua likikipata pale, kinaunguza. Ngozi nyeusi inazuia jua. Nyeupe haizuii. Hiyo ndiyo iliyokuwa nusu ya pili.

"Basi njo minyi," mama akasema. "Njo minyi mwenyewe nilimulisha."

"Mama, weye ulimupa chakula. Sumu ilijificha mule ndani. Usibebe yote mbili."

Shemeji alikuwa amesimama na kofia mkononi. "Munganga, basi kaka yangu hakuiita?"

"Kaka yako sikumujua, baba. Minyi najua maini." Akagusa ubavu wa Posho, akanusa vidole. "Na hii mafuta, nani alipakaa?"

"Minyi. Kondoo yangu ilipona upele na ile."

"Upele iko wadudu. Mafuta inaweza kufunga wadudu pumzi, hata kama inaharibu ngozi na dawa nzuri iko. Hapa mududu haiko. Hapa ulikuwa unakaanga ngombe."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia. Kisha munganga akanigeukia. "Weye, lete mikono."

Niliinyoosha, nikaiacha hewani. Akaishika. Aliishika yote miwili, akaigeuza, akaita mwana-kondoo mmoja aletwe, akatulinganishia magamba ya mdomo wake na vidole vyangu. Akasema huu ndio ugonjwa unaoambukiza: unatoka kwa kondoo kwenda kwa kondoo, na kwa mtu anayewashika. Lakini hauna uhusiano na ng'ombe huyu. Vidonda vitakauka vyenyewe. Wana-kondoo wagonjwa watengwe, wapewe majani laini, na mimi nivae mifuko ya plastiki nikiwashika, ninawe kwa sabuni. Kumbe palikuwa na magonjwa mawili zizini, nasi tukayashona kuwa moja, na uzi tulioshonea ulikuwa mimi.

Siku ya posho haikuchinjwa nyama. Lakini msidhani mambo yaliisha hapo. Munganga alisema wazi kwamba hana uhakika kama maini yatarudi. Alitupa makaa yaliyosagwa tuyakoroge kwenye maji tumnyweshe, akampiga sindano ya kuzuia vidonda visioze, akatufundisha kuosha kwa maji ya chumvi na kufukuza nzi. Tulijenga kibanda cha nyasi. Mchana ng'ombe wote wawili walikaa ndani, wakatoka kula jua likilala na asubuhi kabla halijakomaa. Shemeji mwenyewe ndiye aliyepanda kwenye paa la kibanda kufunga nyasi, akilalamika toka juu kwamba hata yeye hajawahi kujengewa kivuli na mtu. Mama alishona vitenge vyake vikuukuu, akamvalisha Posho mgongoni. Watoto walikuja kumtazama. "Posho iko naenda ku misa!"

Ngozi iliyokufa ilitoka vipande vipande, kama udongo mkavu unaobanduka ukutani. Chini yake ilikuja ngozi mpya, ya waridi, nyembamba. Vidole vyangu vilikuwa vinabanduka wakati ule ule. Nilimwosha, nikajiosha, tukangojeana. Asubuhi moja nilipita karibu naye na ufagio, akaukamata. Nilimwita mama kwa sauti kubwa hata akatoka mbio akidhani ng'ombe amekufa. Alipoona ufagio mdomoni, alikaa chini pale pale, akalia na kucheka.

Mvua zilipoanza, wale wawili waliingia shambani. Tulilima asubuhi mapema tu, Posho na kitenge chake mgongoni. Mahindi yalikuja.

Nawashukuru watu wale. Nawashukuru bila majina, kwa kuwa wenyewe wanajijua. Namshukuru mama aliyesema "aone na macho yake" wakati moyo wake ulikuwa umeshashindwa. Namshukuru munganga aliyeishika mikono yangu mbele ya watu wote. Namshukuru shemeji kwa swali lake gumu, maana bila swali lile ningejisifu kwa nusu ya ukweli, na Posho angekufa kwenye kivuli. Na wewe uliyeketi pale mlangoni, nakushukuru. Uliniponya ukiwa mbali, na hukujua.

Ninalowaachia ni dogo. Kidonda kikitokea nyumbani, kiwe cha mnyama au cha mtu, tusianze kwa kuuliza nani amekileta. Tukitazame kwanza. Kimeanzia wapi, kimekomea wapi, kimemruka nani, mgonjwa alikula nini. Na aliye na nusu ya jibu aiseme, kisha amwite mwenye nusu nyingine.

Niliondoka Kamina siku ya wazazi iliyofuata. Miguu iliwasha tena, ila safari hii ilijua inakokwenda. Asubuhi tulisafisha kaburi. Kichaka kilikuwa kimerudi, tukaking'oa na mizizi, tukakichomea mbali na njia ya wanyama. Nyumbani mama aliwapelekea ng'ombe wake chumvi kiganjani, kila mmoja na yake. "Baba yenu anabasalimia tu," akawaambia. "Hakuna mutu anaita."

Kisha akaniletea kofia. Alikuwa ameishona kwa mabaki ya kile kitenge cha Posho, yenye ukingo mpana mbele na nyuma. "Ya mudogo wako," akasema. "Mwambie ngombe yangu inamusalimia. Wafwako." Kwa Kiluba hilo ni asante, ninyi mnajua.

Shemeji alinibebea kisanduku mpaka stesheni, akikitikisa njiani. "Iko nyepesi! Bilonda yote umetuachia?" Treni ilikuwepo, injini hai, jambo ambalo ni muujiza wa peke yake. Nilipopanda, akabaki chini akitazama magurudumu. Treni ikapiga honi. Akanyoosha mkono juu, kwangu, akaushika wangu, akaendelea kuushika treni ilipoanza kutembea. Alitembea nayo, halafu akakimbia kidogo, mzee yule mwenye sauti kubwa, mpaka mwisho wa stesheni.